Mwongozo wa Kupima na Kutumia Tena Mavi ya Shaba ya Zamani

Maswali yanayoulizwa hapa Kigoma kuhusu mawe meusi, mazito, yenye kung'aa kama kioo kilichoungua ni yaleyale kila mara: je, haya ni mabaki ya kuyeyushia shaba, yana shaba kiasi gani, na je, yanaweza kuuzwa au kusagwa yakafyatuliwa matofali? Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu ambao mtu asiye na maabara anaweza kuufuata mpaka mahali ambapo maabara inakuwa ya lazima. Nitayaita mabaki hayo slagi, kwa sababu ndilo neno utakalolikuta kwenye fomu za maabara, ingawa wahunzi wetu wamesema mavi ya chuma na mavi ya shaba tangu zamani.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kigoma au Tabora anapaswa kulijua mapema. Lundo la zamani lililoko Uha au Unyamwezi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mabaki ya chuma kuliko ya shaba. Shaba iliyopita Tabora katika karne ya 19 ilitoka Katanga, ambako Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, alijenga utawala wake wenye makao makuu Bunkeya, na mabaki ya tanuri zilizoyeyusha shaba hiyo yamebaki hukohuko. Vivyo hivyo, mchanga wa kijivu ulioachwa na mgodi wa risasi wa Mpanda, uliofanya kazi miaka ya 1950 na ambao kwa ajili yake ilijengwa reli ya kutoka Kaliua, ni marudio ya kusaga na kuchenjua, wala si slagi, kwa kuwa haukupitia kwenye tanuri. Hatua za kuchukua sampuli zitakufaa kwa marudio hayo pia, lakini yale yanayohusu matumizi yana masharti mengine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta beleshi, sururu, nyundo nzito na bamba la chuma la kuvunjia, turubai safi, ndoo za lita 20 zenye mifuniko, chekeche mbili (ya milimita 10 na ya milimita 4), mizani ya kilo na mizani ndogo ya gramu, kamba ndefu na futi ya kupimia, sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi za kupima pH (kipimo cha ukali wa asidi), mifuko mizito ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kwa usalama wako utahitaji miwani ya kazi, glavu nene, viatu vya kufunika vidole na barakoa ya vumbi ya daraja la N95 au FFP2, kwa sababu kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini la risasi na aseniki. Tenga pia nguo za kazi utakazozivua kabla ya kuingia nyumbani na kuzifua peke yake, hasa kama una watoto wadogo.

Kwa majaribio ya maji utahitaji maji yasiyo na chumvi. Yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa maana kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, na wapo wauzaji wanaoziita zote mbili maji ya betri.

Hatua za kazi

1. Pata ruhusa na ujue umri wa lundo. Anzia kwa mwenye ardhi na serikali ya kijiji, kisha nenda kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako uulize kama eneo lina leseni ya mtu mwingine na ni leseni gani itakuhusu ukitaka kuchenjua au kuuza. Ukikuta vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto, vigae vya vyungu, au misingi ya tanuri, simama hapohapo na utoe taarifa kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Tanuri ndefu za Wafipa, ziitwazo malungu, zinaonyesha jinsi mabaki ya namna hii yalivyo na thamani yakiwa mahali pake. Kwa maoni yangu, lundo dogo la kale lenye mirija ya udongo halifai kuguswa hata kama sheria isingekuwapo, kwani tani mbili tatu za mawe hazimtajirishi mtu, na ushahidi wa kazi ya mababu ukishasagwa haurudi.

2. Hakikisha kwamba ni slagi, na kwamba ni ya shaba. Slagi huwa na mikunjo kama ya uji ulioganda ukiwa unatiririka, pamoja na matundu ya hewa, na inapovunjika hutoa kingo kali. Chukua jagi lenye alama za mililita, tia maji hadi 500, kisha ongeza gramu 350 za vipande vidogo visivyo na matundu. Maji yakipanda hadi karibu 600, uzito wa jiwe ni takriban mara tatu na nusu ya maji, nayo ni kawaida kwa slagi yenye chuma kingi. Jiwe la matale lingeyapandisha hadi karibu 630. Jaribio hili halitenganishi slagi ya shaba na ya chuma, kwa kuwa zote mbili zimejengwa zaidi na chuma na silika katika madini yaitwayo fayalaiti. Sumaku nayo haitenganishi, ingawa watu wengi huitegemea.

Dalili ya shaba ni utando wa kijani au wa samawati kwenye nyufa, na punje nyekundu za metali ndani ya jiwe lililovunjwa. Ili kuthibitisha, kwangua utando huo, uloweke usiku kucha katika siki yenye chumvi kidogo, kisha tumbukiza msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa. Shaba ikiwapo, msumari utavaa ngozi nyekundu. Jaribio hili linakuambia kuwa shaba ipo, wala halisemi ni kiasi gani. Jiwe la kijani kibichi linaweza kuwa na shaba kidogo kuliko jeusi lililo chini yake, maana ukijani ni shaba iliyotolewa na mvua ikaganda juu.

3. Pima ukubwa wa lundo. Lundo lenye umbo la pia (pana chini, lenye ncha juu) hupimwa kwa kamba: zungusha kamba kwenye tako lake, pima urefu wa kamba hiyo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa kimo cha lundo, kisha gawanya kwa 38. Lundo lenye mzingo wa mita 40 na kimo cha mita 3 lina takriban mita za ujazo 126. Jaza ndoo ya lita 20 bila kushindilia na uipime; ikiwa na kilo 40 za slagi, mita moja ya ujazo ina tani 2, na lundo zima ni kama tani 250. Kama baadaye maabara itasema shaba ni asilimia 1, ujue kwamba lundo lote lina tani mbili na nusu za shaba, na hiyo ni kabla ya hasara za uchenjuaji. Hesabu hii ya dakika tano imewaokoa watu wengi wasikodi kalasha, yaani mashine ya kusagia mawe, bila sababu.

4. Chukua sampuli kwa mpangilio. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo usiharakishe. Mtu anayeokota jiwe zuri zaidi, akalipeleka kupimwa na kurudi na jibu la asilimia 12, hajapima lundo; amepima jicho lake. Mawe makubwa huporomokea chini wakati wa kumwaga, laini hubaki juu, na uso wote umeoshwa na mvua za miaka mingi. Gawa lundo katika sehemu nne kwa kamba. Katika kila sehemu chimba mashimo manane yaliyotawanyika chini, katikati na juu, kila shimo likiwa na kina cha nusu mita, na kutoka kila moja chukua kilo mbili zilizochanganyika, mawe makubwa kwa madogo, bila kuchagua. Kilo 16 za sehemu moja ni sampuli moja. Usizichanganye sehemu zote nne kuwa moja, kwa sababu ukifanya hivyo hutajua kamwe kama lundo linafanana pande zote.

Chukua pia sampuli ya ganda la juu peke yake, sampuli ya udongo ulio chini ya lundo, na nyingine ya udongo mita 10 upande unakoelekea maji ya mvua. Hizi tatu hazihusu biashara. Zinahusu visima na mashamba ya jirani.

Onyo: chimba ukianzia juu, wala usichimbe pango ubavuni mwa lundo. Mwezi Juni 2018 lundo la slagi liitwalo Black Mountain, lililoko Kitwe nchini Zambia, liliporomoka na kuua watu 10 waliokuwa wakilichimba.

5. Punguza sampuli bila kuiharibu. Vunja kilo 16 zote zipite kwenye chekeche ya milimita 10 kabla ya kutupa chochote. Zimwage juu ya turubai ziwe na umbo la pia, zisambaze ziwe bapa, zigawe robo nne, ondoa robo mbili zinazokabiliana na uchanganye zilizobaki. Rudia mpaka ubakiwe na kilo nne. Kilo hizo nne vunja tena zipite kwenye chekeche ya milimita 4. Nusu ipeleke maabara, na nusu nyingine ihifadhi ndani ya mfuko wenye jina la mahali, namba ya sehemu na tarehe.

Wakati wa kuvunja, punje za shaba hazipasuki. Hupondeka zikawa vipande bapa na kubaki juu ya chekeche. Wanaoanza huzitupa wakidhani ni uchafu, au huzikusanya pembeni kama faida ya siku, na kwa njia zote mbili maabara hupima slagi isiyo na shaba yake. Zipime kwa gramu, andika uzito wake pamoja na uzito wa sampuli iliyotoka, na uzipeleke katika mfuko wake.

6. Agiza vipimo vinavyofaa. Maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma hupima madini, na zipo maabara binafsi Mwanza. Usiandike tu kwamba unataka kipimo cha shaba. Omba shaba, chuma, silika, zinki, risasi, aseniki, kadimi, kobalti na salfa, na ueleze kwamba sampuli ni slagi, ili wachague njia ya kuiyeyusha yote, kwa maana asidi za kawaida huacha sehemu ya silika bila kuyeyuka pamoja na metali zilizofungiwa ndani. Ongeza sampuli moja iliyorudiwa chini ya namba tofauti. Majibu yake yakitofautiana mno na ya mwenzake, tatizo liko kwenye kazi yako au ya maabara, na ni afadhali ulijue mapema.

Kifaa cha mkononi cha eksirei ambacho wachimbaji hukiita XRF kinafaa kwa kulinganisha sehemu na sehemu, ila kinasoma ngozi ya juu tu, na risasi ikiwa nyingi hukitatiza katika kusoma aseniki kwa sababu miale ya elementi hizo mbili inakaribiana mno. Pima unga uliochanganywa, si jiwe zima.

7. Pima kinachotoka kwenye maji. Kiasi kilichomo ndani ya jiwe na kiasi kinachovuja ni mambo mawili. Weka gramu 100 za slagi iliyopita chekeche ya milimita 4 ndani ya chupa safi, ongeza lita moja ya maji yasiyo na chumvi, na uitikise kwa saa 24. Kama huna mashine, tikisa mara nyingi uwezavyo na uandike kwamba ndivyo ulivyofanya. Acha itulie, chuja, pima pH, kisha upeleke maji hayo maabara ndani ya chupa iliyojaa. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita kwa risasi na vilevile kwa aseniki, 0.003 kwa kadimi, na 2 kwa shaba. Maji ya chupa yako si ya kunywa, lakini yakivuka vipimo hivyo mara kumi au ishirini, lundo hilo lisiende karibu na kisima. Kwa uamuzi wa kisheria, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira linaweza kukutaka ufanye jaribio rasmi lenye asidi, na hilo ni kazi ya maabara.

8. Amua matumizi. Njia ya kurudisha metali ndiyo inayovutia watu, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mlima wa slagi wa Lubumbashi, uliotokana na kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, ulianza kuchakatwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti yake, lakini kwa tanuri kubwa la umeme. Nkana nchini Zambia slagi yake ilipelekwa Chambishi kwa sababu hiyohiyo, na huko pia lilitumika tanuri la umeme. Mchimbaji mdogo anaweza kusaga na kuosha kwa maji ili apate punje za shaba, ambazo ni nzito kuliko slagi zaidi ya mara mbili, na hapo ndipo ningeishia.

Usijaribu kulowesha slagi kwa asidi ya salfa. Chuma kilichomo kitainywa asidi yote, na silika itageuka utelezi kama uji wa muhogo utakaoziba kila bomba. Usiipeleke kwenye matangi ya sayanaidi ya marudio ya dhahabu, maana shaba hula sayanaidi. Na asidi ikikutana na sayanaidi hutoa gesi inayoua. Usiiyeyushe uani kwa mkaa na feni, kwa sababu moshi wake hubeba risasi na aseniki. Mji wa Kabwe, Zambia, ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1994, bado una watoto wenye risasi ndani ya damu zao.

Slagi ngumu iliyosagwa hutumika pia kupulizia kutu na rangi kuukuu kwenye mabati ya meli. Mahali penye bandari kama hapa wazo hilo huja upesi, lakini kazi hiyo inahitaji barakoa ya hewa ya bomba na kukusanya unga wote usiingie ziwani.

Njia inayobaki kwa wengi ni ujenzi, ikiwa hatua ya 7 imekupa majibu mazuri.

9. Fyatua matofali ya majaribio. Tengeneza mafungu matatu kwa kipimo kimoja cha saruji kwa sita: la kwanza la mchanga mtupu, la pili lenye robo ya mchanga iliyobadilishwa kwa slagi laini, la tatu lenye nusu. Pima kwa ujazo, si kwa uzito, kwa kuwa slagi ni nzito. Punguza maji, kwani slagi haifyonzi kama mchanga wa mtoni. Maji ya ziada hupanda juu na kuacha tofali dhaifu. Mwagilia walau siku saba, kisha yapeleke kupimwa nguvu yakiwa na siku 28 katika maabara ya vifaa vya ujenzi, kama zile za TANROADS, wakala wa serikali wa barabara. Kwa kawaida uimara hubaki au hupanda kidogo mpaka karibu nusu ya mchanga, kisha hushuka. Yatumie kwa kuta za nje, mitaro na sakafu za maghala. Usiyatumie kujengea tangi la maji, kisima wala uwanja wa watoto.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

Majibu ya sampuli mbili zilizorudiwa yanatofautiana sana. Mara nyingi ni punje za shaba: moja imepata punje mbili, nyingine haikupata. Rudi hatua ya 5, vunja ndogo zaidi kabla ya kugawa robo, na uzipime punje kando.

XRF ilionyesha shaba nyingi, maabara ikasema kidogo. Ulipima ganda la kijani. Vunja jiwe na upime unga wake.

Msumari haukuvaa shaba ingawa utando ni wa kijani. Huenda uliloweka jiwe zima badala ya ukwanguo, au msumari ulikuwa na mafuta au umepakwa zinki. Sugua mwingine kwa msasa mpaka ung'ae, urudie. Ukikataa tena, kijani hicho kinaweza kuwa kuvu au madini ya chuma.

Saruji inachelewa kushika, na tofali linamomonyoka siku ya pili. Zinki na risasi zinazoyeyuka huchelewesha saruji. Osha slagi kwa maji, ukusanye maji hayo kwenye pipa badala ya kuyamwaga shambani, kisha ujaribu tena kwa robo tu. Likirudia hali ileile, slagi hiyo haifai kwa matofali.

Maji ya chupa yanaonyesha pH chini ya 5. Kuna salfaidi, yaani madini yenye salfa, inayooza ndani ya lundo, na kadiri inavyosagwa ndivyo itakavyotoa asidi zaidi. Usiisage. Lifunike lundo kwa udongo wa mfinyanzi, chimba mtaro upande wa juu ili mvua isilipitie, na uwapelekee maafisa wa mazingira majibu yako kabla ya masika.

Mnunuzi wa ng'ambo ya ziwa anataka kukuletea slagi kwa mashua, au kuinunua kwako. Taka zenye metali hatari zinadhibitiwa na Mkataba wa Basel zinapovuka mpaka, hivyo usipokee wala kupakia chochote mpaka uone kibali cha maandishi cha pande zote mbili pamoja na cheti cha vipimo chenye namba za sampuli, na uchukue sampuli yako mwenyewe kutoka kwenye kila shehena.